Kabla ya Kupiga Stata

Gari linapokaa muda mrefu bila kutembea, swali la kwanza la kila anayelitazama ni moja: linawaka? Huuliza jirani, huuliza dalali, huuliza ndugu aliyerudi kutoka Maskati au London na kukuta gari aliloliacha uani liko juu ya mawe, matairi yamevuliwa, vumbi limeganda kwenye vioo na kuku wametagia chini ya bodi. Fundi akiitwa hufika na betri ya kuazima na waya za kubusti, kwa sababu anajua atapimwa kwa jibu la swali hilo. Injini ikinguruma watu hupiga makofi, na gari huhesabiwa kuwa limefufuka. Hoja yangu ni kwamba swali hilo limetangulizwa pasipostahili. Kuwaka ni jambo la mwisho la kutafuta katika gari lililolala, si la kwanza, na anayelitanguliza anaweza kuharibu kwa dakika mbili kile ambacho miaka kumi ya kukaa haikukiharibu. Lipo swali jingine lenye uzito zaidi, nalo haliulizwi sana: gari hili, likishaondoka, litasimama?

Swali la kuwaka limezaliwa na imani kwamba kitu kisichotumika hakichakai. Dalali huitegemea imani hiyo anaponadi gari kwa kusema halijatembea sana, kana kwamba kilomita ndizo kipimo pekee cha umri wa chuma. Lakini gari limeundwa hivi kwamba sehemu kubwa ya matunzo yake imo ndani ya mwendo wenyewe. Injini inapozunguka, pampu husambaza oili kwenye shafti, beringi na kuta za silinda, na kuacha utando unaozuia hewa isiguse chuma. Injini inapopata moto sawasawa, unyevu ulioingia kwenye oili hugeuka mvuke na kutoka. Alternata huirudishia betri umeme uliotumika kupiga stata. Breki zinapokanyagwa, pedi husugua diski na kuondoa kutu changa ya usiku mmoja. Tairi linapoviringika, uzito wa gari huhama kutoka sehemu moja ya mpira hadi nyingine. Dereva hayafikirii haya, kwa kuwa hutendeka bila kuombwa. Gari likiegeshwa kwa miaka, yote hukoma kwa pamoja. Kwa hiyo gari lililoegeshwa halipumziki. Limenyimwa walezi wake, na kila kiungo chake huanza kuzeeka kwa kasi yake bila kungoja kingine.

Petroli ndiyo hutangulia kuharibika. Ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, na zile nyepesi, ambazo ndizo hushika moto kwa urahisi, hupaa kwanza kupitia kila upenyo. Zinazobaki huungana na oksijeni na polepole hufanya utomvu unaonata, wenye harufu kama ya vanishi, unaoziba vitundu vya kabureta na ncha za nozeli ambazo upana wake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Tanki lisilojaa lina nafasi ya hewa. Hewa hiyo hupata joto mchana na kupoa usiku, unyevu wake ukatua kwenye bati, ukatiririka chini ya petroli na kuanza kula chuma kutoka ndani. Dizeli nayo ina ugonjwa wake: maji yakituama chini yake, vijidudu huota pale vimiminika hivyo viwili vinapokutana na kufanya ute unaoziba chujio. Ndani ya injini, oili huteremka taratibu hadi kwenye sampu na kuziacha kuta za silinda zikiwa karibu tupu. Tena injini ya kawaida ya silinda nne haiwezi kusimama huku valvu zake zote zimefungwa. Siku zote kuna silinda ambayo mlango wake mmoja uko wazi, na kupitia egzosi au njia ya hewa, unyevu wa masika huingia hadi kwenye chuma chenyewe. Pale ringi za pistoni zilipokaa, kutu huweza kuzigandisha na ukuta. Nje gari linang'aa kwa sababu lilifunikwa turubai. Ndani silinda moja kati ya nne imeshajifunga, na hakuna jicho linaloweza kuiona.

Breki huharibika kwa ukimya mkubwa zaidi. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa dereva anayeteremka mlima mrefu, tuseme kutoka Lushoto kwenda Mombo, tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kufika na kutofika: mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa pale ambapo kimiminika hakibanwi, na pedali hushuka hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Maji hayohayo hula masta silinda na kuzigandisha pistoni za kalipa. Handbreki iliyoachwa imevutwa hushikanisha viatu vya breki na dramu. Mpira wa tairi hukakamaa na kupasuka nyufa hata likiwa halijawa kipara. Ubavuni kuna tarakimu nne, na tairi lililoandikwa 2314 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kampuni kubwa za matairi hushauri yavuliwe yakitimiza miaka 10, hata kama yanaonekana mazima. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu volti 12.6, lakini hujimaliza yenyewe, na upesi zaidi penye joto, huku kengele ya wizi na kompyuta za gari la kisasa zikiendelea kuinyonya. Ikikaa tupu kwa miezi, bamba zake hujaa fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi kuziyeyusha. Atakayesema kwamba kwetu hakuna barafu na kwa hiyo gari halina cha kuogopa, aende Tanga, Mombasa au Unguja akainame chini ya gari lililokaa miaka mitano karibu na bahari. Chumvi ya upepo haihitaji baridi ili ifanye kazi, na hushambulia kwanza mabomba membamba ya breki.

Wamarekani walilifanyia jambo hili jaribio la miaka 50, ingawa hawakukusudia kufanya jaribio. Tarehe 15 Juni 1957, mji wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, ulizika gari jipya aina ya Plymouth Belvedere ndani ya chumba cha zege chini ya uwanja wa mahakama, kuadhimisha nusu karne ya jimbo hilo. Gari lilifungwa kwa plastiki, na pamoja nalo wakaweka petroli, kwa hofu kwamba watu wa mwaka 2007 huenda wangekuwa wameshaacha kutumia mafuta hayo. Walihofia petroli ingekosekana. Hawakuhofia kiasi cha kutosha kwamba maji yangepatikana. Chumba kilipofunguliwa Juni 2007, maji yalikuwa yameingia tangu zamani, na gari lilikuwa gofu la kutu na matope. Watu huisimulia habari hii kama kichekesho cha zege lililovuja. Mimi naona funzo lake kubwa liko kwenye ratiba ya sherehe. Fundi mashuhuri wa kuunda magari, Boyd Coddington, alikuwa ameitwa ili ajaribu kuliwasha mbele ya umati. Miaka 50 ya kungoja, na kilele kilichotarajiwa kilikuwa mngurumo. Injini ile haikunguruma; gari lilisafishwa kwa kazi ndefu huko New Jersey, na mwisho likapelekwa kwenye makumbusho katika jimbo la Illinois, bati lake likiwa dhaifu mno kubeba hata jina la gari. Tofautisha na Ferrari iliyokutwa katika banda magharibi mwa Ufaransa, gari ambalo liliwahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon. Februari 2015 lilinadiwa Paris kama lilivyokutwa, na vumbi lake, likauzwa kwa zaidi ya euro milioni 16. Kwa wale walioshindania gari lile, kilichokuwa na bei ni kwamba hakuna pupa iliyokuwa imeligusa.

Tuangalie sasa kinachotokea betri ya kuazima inapounganishwa na ufunguo kuzungushwa. Stata ni mota ndogo yenye nguvu nyingi kwa sababu ya uwiano wa meno yake na yale ya flaiwili. Haijui kama ringi zimeganda. Kazi yake ni kusukuma. Ringi iliyoshikwa na kutu kidogo, ambayo ingeachia yenyewe kama ingelowekwa kwa oili siku chache, hung'olewa kwa nguvu, ikavunjika au ikaukwaruza ukuta wa silinda. Beringi huzunguka zikiwa kavu katika sekunde zile ambazo pampu ya oili bado inatafuta cha kusukuma. Pampu ya petroli nayo huamka, ikavuta kutoka chini ya tanki kutu na utomvu na kuvipeleka moja kwa moja kwenye nozeli ambazo hadi asubuhi hiyo zilikuwa safi. Mkanda wa taimingi, ambao mpira wake umekakamaa katika umbo ulilokaa nalo kwa miaka, huruka meno. Na katika injini nyingi pistoni na valvu hupita mahali pamoja kwa zamu, hivyo zamu ikivurugika hugongana, na valvu hupinda. Panya waliofanya makazi chini ya boneti wameshatafuna ganda la waya, na umeme unaporudi hupata njia fupi ya kwenda kwenye majani makavu ya kiota chao. Madhara haya yote hayakuwapo kabla ya ufunguo kuzungushwa. Kukaa kuliweka hatari; kuwasha kwa pupa ndiko kulikoigeuza hasara.

Utaratibu unaofaa unaanzia mbali na ufunguo. Kwanza gari hutazamwa juu na chini, viota hutolewa, waya na mipira ya maji hukaguliwa kwa vidole. Petroli ya zamani hutolewa yote, na tanki likionyesha kutu hushushwa likasafishwa, chujio hubadilishwa. Oili humwagwa na chujio lake kuwekwa jipya, kwa sababu oili iliyokaa na moshi wa zamani ina asidi na maji ndani yake. Plagi hufunguliwa, oili kidogo hudondoshewa ndani ya kila silinda na kuachwa ijipenyeze, kisha injini huzungushwa kwa mkono, kwa spana ndefu kwenye nati ya puli ya mbele. Mkono una hekima ambayo stata haina: ukikutana na ukinzani, husimama na kuuliza. Injini ikizunguka mizunguko miwili kamili kwa ulaini, ndipo mkanda wa taimingi, ambao maisha yake huhesabiwa kwa miaka kama kwa kilomita, hubadilishwa. Maji ya rejeta huondolewa. Halafu, kabla ya kufikiria moto wowote, kazi huhamia kwenye magurudumu: breki hufunguliwa pande zote, mafuta mapya husukumwa hadi yatoke safi, mabomba yaliyoliwa hubadilishwa, matairi husomwa tarehe. Mwisho huja betri nzima, na hata hapo pampu ya petroli huzimwa kwa kutoa fyuzi yake, stata ikapigwa kwa vipindi vifupi plagi zikiwa nje, mpaka taa ya oili izimike. Kwa dizeli kuna katazo la ziada: kupuliza eta kwenye injini yenye plagi za kupasha moto ni kuukaribisha mlipuko mahali pa mwako. Baada ya yote hayo, kuwasha hakubaki kuwa jaribio. Ni kuthibitisha kilichokwisha kujulikana.

Wanaoishi na hatari kubwa kuliko zetu wameshakubali mantiki hii. Mwaka 2020, korona ilipozisimamisha ndege duniani, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo la dharura mwezi Julai kuhusu ndege za Boeing 737 za vizazi vilivyotangulia MAX. Ndege yoyote kati ya hizo iliyokaa siku 7 mfululizo au zaidi ilitakiwa kukaguliwa valvu fulani za hewa kwenye injini kabla ya kuruka tena, kwa sababu zilikuwa zimeanza kushikwa na kutu, na taarifa nne za injini kuzimika angani zilikuwa zimepokelewa. Siku 7, si miaka. Injini zile zilikuwa zimewaka vizuri. Kasoro ilijitokeza baadaye, juu, mahali ambapo hakuna pa kuegesha. Wala si lazima twende mbali kiasi hicho. Jahazi lililovutwa pwani na kukaa juani mbao zake hukauka na kuachana, na nahodha halisukumi majini ili aone kama litaelea. Hulikalafati kwanza, ufa baada ya ufa, akijua kuwa bahari haitoi nafasi ya kurekebisha jibu baya. Jambo hili lilikuwa adabu ya kawaida katika pwani yetu kabla gari la kwanza halijashushwa bandarini, nasi tukaliacha nyuma tulipobadilisha chombo.

Atainuka mtu aseme: nimeona magari mengi yakibustiwa baada ya miaka mitano, yakawaka, na hadi leo yanabeba abiria. Ni kweli, na sina sababu ya kuyapinga aliyoyaona. Lakini tujiulize ni magari gani huonekana. Lililonusurika hurudi barabarani na kuwa ushahidi unaotembea. Lililopinda valvu hurudishwa juu ya mawe, baadaye likapimwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna anayelitaja tena. Tunahesabu waliofika na kuwasahau waliozama njiani. Zaidi ya hapo, hata yale yaliyowaka hayakupita salama yote. Silinda iliyokwaruzwa haizimi injini siku ile. Hula oili kidogo kidogo, moshi wa buluu ukaanza kuonekana miezi kadhaa baadaye, na mwenye gari akadhani ni uzee. Athari ikichelewa kujitokeza, sababu yake husamehewa, na fundi aliyepiga stata huendelea kusifiwa kwa kazi ambayo deni lake lilikuja kulipwa kwa fundi mwingine.

Mwingine atajitetea kwamba gari lake halikulala kweli, kwa kuwa lilikuwa likiwashwa kila wiki kwa dakika tano. Kazi hii hupewa mlinzi wa nyumba, na hufanywa kwa nia njema, lakini kemia haijali nia. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa, kwa umbo la mvuke, maji yanayokaribia lita moja. Injini iliyopata moto wa safari huyatoa nje. Injini iliyonguruma dakika tano uani huyaacha kwenye silensa na kuyachanganya na oili, kisha huzimwa na kuachwa nayo hadi wiki ijayo. Mara nyingi alternata nayo huwa haijarudisha hata umeme ule stata ilioutumia. Breki hazikuguswa, tairi limekaa palepale, klachi haikuachia. Mwenye gari huko aliko hutumiwa sauti kwa simu na kulala kwa amani, akiamini ametunza, kumbe amelisha ugonjwa. Dawa ya kweli ni kuliendesha hadi lichemke sawasawa na breki zifanye kazi. Na kama hilo haliwezekani, ni bora lisiwashwe kabisa, betri ichomolewe, tanki lijazwe, matairi yajazwe upepo na handbreki iachiwe huku magurudumu yamewekewa vigingi.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Wengi wanaofufua gari hufanya hivyo kwa sababu hawana uwezo wa kununua jingine, na orodha niliyoitaja inaweza kuonekana kama anasa ya matajiri wanaokusanya magari ya kale. Lakini ukiichambua, utakuta kwamba hatua za mwanzo ndizo za bei nafuu kuliko zote: macho, vidole, spana, oili kidogo kwenye silinda, siku chache za kungoja. Gharama kubwa, yaani matairi, mkanda na mabomba ya breki, hutokea baada ya mkono kuthibitisha kwamba injini inazunguka na tanki linasafishika, na hivyo mwenye gari hupata nafasi ya kuacha kabla fedha yake haijazama. Anayeanza na stata hana nafasi hiyo. Mngurumo humtia moyo, hununua kimoja leo na kingine kesho kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Kirinyaga Road, na hugundua akiwa katikati kwamba bodi imeoza. Masikini ndiye mwenye haja zaidi ya utaratibu, kwa sababu ndiye asiyeweza kulipa mara mbili. Tena gari lililolala halikuwahi kuwa bure. Nchini Tanzania, mpaka ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa katika bajeti ya 2017/18 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, wapo waliojikuta na madeni ya magari yaliyokuwa hayajagusa lami kwa miaka. Deni la serikali lilisamehewa. La kutu halisamehewi.

Kuna wanaodai kwamba utaratibu huu ni wa magari ya kabureta, na kwamba gari la kisasa lina kompyuta itakayosema yenyewe kilichoharibika. Kompyuta husoma pale tu ilipowekewa kihisio. Itakuambia joto la maji, kiasi cha hewa, mgandamizo wa petroli. Haitakuambia kwamba bomba la breki juu ya tanki limebaki unene wa karatasi, wala kwamba tairi lina miaka 14, wala kwamba ringi ya silinda ya tatu imeganda. Na yale inayoyasema, huyasema baada ya ufunguo kuwashwa, yaani baada ya wakati tunaouzungumzia. Usasa, kwa kweli, umeongeza sababu za kuwa na subira: nozeli zimekuwa laini zaidi, waya zimekuwa nyingi zaidi kwa panya, na betri iliyobustiwa vibaya inaweza kuunguza kisanduku cha kompyuta ambacho bei yake huweza kukaribia bei ya injini yenyewe.

Linabaki pingamizi ambalo haliji kwa hoja bali kwa moyo. Magari mengi yaliyolala ni ya watu: la marehemu baba, la mume aliyeugua, la familia iliyohama. Anayetaka kulisikia likinguruma hatafuti usafiri. Anatafuta kitu kilichokatika kiunganike, hata kwa dakika moja. Siwezi kumdharau. Ninachomwambia ni kwamba hamu hiyo hudai mengi kwa haraka, na hukitia hatarini kile hasa inachokipenda. Gari la baba likivunjwa ringi kwa kiu ya kulisikia, kilichopotea hakirudi dukani, kwa sababu spea inaweza kununuliwa lakini injini ile aliyoizoea haiuzwi. Tena mngurumo ni faraja, si ushahidi. Unathibitisha kwamba katika sekunde ile mafuta, hewa na cheche vilikutana. Hauthibitishi kwamba watoto watakaopakiwa humo kwenda shule watafika. Penye mapenzi ya kweli ndipo panapopasa kuwa na subira ndefu zaidi, na anayelipenda gari atakubali kulitazama kwa miezi likiwa kimya huku likitengenezwa magurudumuni.

Nimesema mengi juu ya fundi mwenye waya za kubusti, lakini lawama si yake peke yake, pengine si yake hata kwa nusu. Yeye huuza kinachonunuliwa. Makubaliano yetu ya kawaida naye ni kwamba atalipwa likiwaka. Lisipowaka, atapewa nauli na maneno. Kwa bei hiyo tumemwamuru apige stata, na tumemfundisha kwamba saa mbili za kutazama, kunusa petroli na kuzungusha spana polepole ni saa mbili za njaa. Fundi makini aliyesema ukweli kwamba gari lisiwashwe hurudi nyumbani mikono mitupu, na jirani yake aliyelilazimisha hurudi na noti. Tukitaka utaratibu mwingine, mabadiliko yaanzie kwenye malipo: tumlipe fundi kwa kukagua, kiasi kijulikane kabla hajafungua boneti, nacho kiwe kilekile jibu likiwa jema au baya. Orodha ya ukaguzi huo ianze na breki na matairi, ipite kwenye mafuta na waya, na imalizie kwenye injini. Baadhi ya magari yatapatikana na uhai mwingi kuliko tulivyodhani. Mengine yataambiwa wazi kwamba yamekwisha, na wenye nayo watayauza kama vyuma chakavu wakiwa bado na fedha zao mfukoni. Majibu yote mawili yana thamani ya kulipiwa, na mwenye gari asiye tayari kulilipia lile la pili hajawa tayari kufufua gari lolote.